Thomas Mofolo: Mkristo Aliyeandika Riwaya na Kisa cha Mswada wa Chaka

Utangulizi

Historia ya riwaya ya Kiafrika aghalabu husimuliwa kana kwamba ilianza miaka ya 1950, waandishi wa bara hili walipoanza kuchapishwa London na Paris kwa lugha za Ulaya. Ukweli ni kwamba takriban nusu karne kabla ya hapo, katika kituo cha misheni cha Morija nchini Lesotho, karani mmoja wa duka la vitabu alikuwa amekwisha kuandika riwaya tatu kwa lugha ya mama yake, Kisotho. Jina lake lilikuwa Thomas Mokopu Mofolo. Riwaya yake ya kwanza ilitoka kama kitabu mwaka 1907. Ya tatu, Chaka, ndiyo iliyolifikisha jina lake mbali.

Mofolo alikuwa Mkristo, mwana wa Wakristo, na vitabu vyake vyote vilipitia mikononi mwa wamisionari. Misheni ilimfundisha kusoma, ikampa kazi, ikamchapishia, na hatimaye ikauweka kando mswada wake bora kwa takriban miaka 15. Makala haya yanayapitia maisha yake kwa kuzingatia suala moja: je, mwandishi anayeamini kwamba kalamu yake ni amana kutoka kwa Mungu anapaswa kuusawiri uovu vipi? Apunguze nguvu zake ili msomaji asivutwe nao, au auonyeshe kama ulivyo ili msomaji autambue atakapokutana nao?

Malezi na Elimu

Mofolo alizaliwa tarehe 22 Desemba 1876 huko Khojane, katika wilaya ya Mafeteng. Wakati huo nchi yake iliitwa Basutoland na ilikuwa chini ya Waingereza. Wazazi wake, Abner na Aleta, walikuwa waumini wa kanisa lililoanzishwa na Shirika la Wamisionari wa Kiinjili la Paris. Wamisionari wa kwanza wa shirika hilo waliwasili mwaka 1833 na kupokewa na Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza, aliyewaonyesha mahali pa kujenga kituo chao huko Morija.

Waprotestanti hao wa Kifaransa waliamini kwamba kila muumini anapaswa kujisomea Biblia kwa lugha yake. Hivyo basi, waliijali lugha ya Kisotho tangu mwanzo. Adolphe Mabille, mmoja wao, alianzisha gazeti la Leselinyana la Lesotho mwaka 1863. Mabille huyo huyo ndiye aliyekitafsiri kwa Kisotho kitabu cha John Bunyan ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kwa jina la Safari ya Msafiri. Mofolo alipozaliwa, lugha yake ilikuwa na gazeti, mtambo wa kuchapia na wasomaji. Ni lugha chache za Kiafrika zilizokuwa na bahati hiyo wakati ule.

Familia yake ilihamia bonde la Qomoqomong, wilayani Quthing, kusini mwa nchi. Huko alifundishwa na Everitt Lechesa Segoete, ambaye baadaye naye alikuwa mwandishi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: mwalimu huyo hakutoka akilini mwa mwanafunzi wake, na miaka mingi baadaye alijitokeza katika riwaya akiwa mhusika. Kutoka Qomoqomong, Mofolo alikwenda Masitise, akawa mtumishi nyumbani kwa mmisionari D. F. Ellenberger huku akiendelea na masomo. Mwaka 1894 alipelekwa Morija kujiunga na Shule ya Biblia, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1898.

Morija: Karani Kati ya Vitabu

Mwaka 1899 Mofolo alianza kazi katika kiwanda cha uchapaji na duka la vitabu la Morija, chini ya mmisionari Alfred Casalis. Vita vya Waingereza na Makaburu vilivyozuka mwaka huo vilivuruga shughuli za uchapaji, naye akalazimika kutafuta riziki kwingine. Alijifunza useremala katika shule ya ufundi ya Leloaleng na akafundisha shule kwa muda. Mwaka 1904 alirejea Morija, akawa karani wa Casalis na msomaji wa prufu.

Kazi hiyo ilikuwa chuo kikuu chake. Maandishi yaliyochapishwa Morija yalipita mbele ya macho yake, na duka lilikuwa na vitabu vya Kiingereza pia. Alisoma kwa pupa. Casalis na wenzake walipoiona hamu hiyo walimhimiza aandike kitu chake mwenyewe. Hadi wakati huo, maandishi ya Kisotho yalikuwa hasa ya dini, ya mafunzo, au ya kuhifadhi mila na methali, kama alivyofanya Azariele Sekese katika kitabu chake cha 1893. Kubuni watu ambao hawajawahi kuishi, na kuwafuatilia ukurasa baada ya ukurasa hadi mwisho wa safari yao, lilikuwa jambo jipya.

Moeti oa Bochabela

Zao la himizo hilo lilikuwa Moeti oa Bochabela, yaani Msafiri wa Mashariki. Ilitolewa kwa mfululizo katika Leselinyana mwaka 1906 na kuchapishwa kama kitabu mwaka uliofuata. Mhusika mkuu ni Fekisi, kijana anayeishi katika Lesotho ya kale kabla ya Injili kufika. Fekisi anasumbuliwa na maswali. Nani aliumba jua? Kwa nini watu hulewa, wakapigana na kuuana, ilhali wanajua mema? Jirani yake Phakoane ni mtu mwema akiwa na akili zake, lakini pombe humgeuza mnyama. Fekisi anaamua kuondoka kwenda mashariki kumtafuta Mungu. Anavuka nyika, anateseka kwa kiu, anakutana na Wazungu wanaomfundisha, na mwishowe anafariki kanisani, mbele ya meza ya Bwana.

Athari ya Bunyan iko wazi. Hata hivyo, ni muhimu kutambua kwamba Mofolo hakunakili. Mapokeo ya Wasotho yanasimulia kwamba binadamu alitoka Ntsoana-Tsatsi, mahali jua linapochomoza. Fekisi anapoelekea mashariki anamtafuta Mungu wa Wakristo na papo hapo anarejea kwenye chimbuko la watu wake. Isitoshe, katika hadithi hii ya Kikristo Mofolo aliingiza sifa za ng'ombe anazoghani Fekisi akiwaaga wanyama wa baba yake, na sifa hizo ni za utanzu wa kale wa ushairi simulizi wa Wasotho. Wamisionari waliipokea riwaya hii kwa furaha. Ilikuwa na uzuri wa lugha, na giza na nuru vilitenganishwa kama ilivyotarajiwa.

Pitseng

Riwaya ya pili, Pitseng, ilitoka kama kitabu mwaka 1910. Hii inahusu uchumba na ndoa. Katika kijiji cha Pitseng, mwalimu Katse anawalea kiroho vijana wawili, Alfred na Aria, ambao hatimaye wanaoana. Katse ndiye Segoete wa Qomoqomong katika vazi la bunilizi.

Wahakiki wengi huiona Pitseng kuwa dhaifu kuliko zile mbili nyingine, kwa kuwa mafunzo yamezidi kisa. Hata hivyo, kuna jambo ndani yake lisilopaswa kupuuzwa. Alfred anaposafiri na kutazama jinsi vijana wanavyochumbiana, anagundua kwamba Wakristo wengi hawana mwenendo wa kujivunia, na kwamba wasioamini wanaofuata mila za wazee wana staha zaidi. Ukweli huo haukuwa rahisi kwa mtu aliyelipwa mshahara na misheni. Mofolo alikuwa ameanza kuona kwamba mstari kati ya wema na uovu haupiti kati ya kanisa na kijiji. Unapita ndani ya moyo wa kila mtu.

Baiskeli Hadi Natal

Wakati huo huo Mofolo alikuwa akishughulikia jambo kubwa zaidi. Mwaka 1909 alifunga safari ya baiskeli kuvuka mipaka hadi Natal, nchi ya Wazulu, kukusanya habari za Chaka, mfalme aliyeuawa mwaka 1828. Alisikiliza masimulizi, akaitazama ardhi yenyewe, akachunguza mila.

Uteuzi wa mada hiyo ulihitaji ujasiri. Misukosuko iliyoenea katika enzi ya Chaka, ambayo Wasotho huiita Lifaqane, iliwafikia babu zake Mofolo: mashamba yakateketea, watu wakatawanyika, njaa ikawafanya wengine kula nyama ya binadamu. Kwa Msotho, Chaka hakuwa shujaa wa jirani tu. Alikuwa jina la maafa. Ingekuwa rahisi kumchora kama zimwi, na ingekuwa rahisi vilevile kwa Mkristo kumchora kama mshenzi aliyekosa Injili. Mofolo hakufanya lolote kati ya hayo.

Chaka: Uovu Kama Uchaguzi

Katika riwaya hii Chaka anaanza akiwa mtoto anayeonewa. Mama yake, Nandi, alipata mimba yake kabla ya ndoa, na baba yake, Senzangakhona, anamkana kwa kuwaogopa wake zake wengine. Watoto wenzake wanampiga, ndugu zake wanataka kumuua, na hata anapoua simba aliyewashinda watu wazima, tuzo yake ni chuki. Msomaji anampenda. Anakimbilia porini akiwa peke yake, amekata tamaa na haki ya binadamu, na hapo ndipo Isanusi anapomtokea.

Isanusi ni mganga, na jina lake ni neno la Kizulu la mpiga ramli. Anamwahidi Chaka ufalme wa baba yake na zaidi. Anampa wasaidizi wawili: Malunga wa vita, na Ndlebe, mpelelezi mwenye masikio makubwa. Hata hivyo, jambo la msingi ni kwamba Isanusi hamlazimishi. Kila hatua anamwuliza. Chaka anapotaka ufalme mkubwa kuliko wote, anaambiwa bei yake ni damu ya yule anayempenda kuliko wote, naye ni Noliwa, mchumba wake. Anapewa muda wa kufikiri. Anafikiri, kisha anakubali, na anamuua kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hapo hakuna kinachomzuia. Anaua askari wake, anamuua mama yake, na usiku anateswa na ndoto za waliokufa, hadi nduguze wanapomkatiza maisha huku Isanusi akiwa amekuja kudai ujira wake.

Wanahistoria hawamjui Noliwa wala Isanusi. Hao ni wahusika wa kubuni, na ndio waliobeba dhamira ya riwaya. Kwa hakika, Mofolo hakuwa akiandika historia ya Wazulu. Alikuwa akionyesha jinsi nafsi ya mtu inavyouzwa kidogo kidogo, huku mwenyewe akijua anachouza. Wahakiki wameilinganisha riwaya hii na kisa cha Faust na tamthilia ya Macbeth, ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanayo katika tafsiri ya Samuel Mushi, Makbeth, ya mwaka 1968. Ulinganisho huo unafaa, lakini upo mwingine ulio karibu zaidi na malezi ya Mofolo. Katika sura ya nne ya Injili ya Mathayo, mtu aliye peke yake nyikani anaahidiwa milki zote za ulimwengu, naye anakataa. Chaka, akiwa nyikani vilevile, anaahidiwa milki, naye anakubali.

Mswada Kabatini

Kufikia mwaka 1910 mswada ulikuwa mikononi mwa wamisionari. Waligawanyika. Baadhi yao waliona kwamba ni kazi ya kipekee. Wengine walihofia kwamba ingewarudisha wasomaji kwenye imani za kale. Hoja ya upande wa pili inastahili kusikilizwa kabla ya kulaumiwa. Waumini wengi walikuwa wa kizazi cha kwanza au cha pili, na uganga ulikuwa ungali unaishi katika vijiji vyao. Katika Chaka dawa za Isanusi zinafanya kazi: nyoka wa majini anatokea kweli, mkuki unashinda kweli. Isitoshe, msimulizi hasimami kila baada ya ukurasa kumwonya msomaji.

Hofu hiyo, hata hivyo, iliikosa roho ya kitabu. Mjaribu asiye na chochote cha kutoa hamjaribu mtu. Lau dawa za Isanusi zingekuwa ulaghai mtupu, Chaka angekuwa mjinga aliyedanganywa, na mjinga huhurumiwa tu. Kwa kuwa dawa zinafanya kazi, Chaka anapata alichokitaka, na alichokitaka ndicho kinachomwangamiza. Ndiyo maana inaweza kudaiwa kwamba Chaka ni riwaya ya Kikristo kuliko Moeti oa Bochabela, ingawa ndani yake hamna kanisa wala mwongofu. Fekisi anaonyesha jinsi mtu mwema anavyofika kwa Mungu. Chaka anaonyesha kwamba dhambi ni uamuzi, na kwamba kila mtu, hata yule tuliyemhurumia utotoni, huulizwa swali lile lile na kujibu mwenyewe.

Lililomkabili Mofolo halikuwa ubishi wa kinadharia. Hakuwa na mchapishaji mwingine wa Kisotho wa kumwendea. Mswada uliokataliwa Morija ulikuwa umekataliwa na ulimwengu mzima wa wasomaji wake. Mwaka huo huo wa 1910 aliiacha kazi yake Morija. Alikuwa na umri wa miaka 33, na katika miaka 38 iliyobaki ya maisha yake hakuchapisha riwaya nyingine mpya.

Maisha Baada ya Kalamu

Itakuwa kosa kudai kwamba kabati la misheni peke yake ndilo lililomnyamazisha. Mofolo alikuwa na familia ya kulisha na kipaji cha biashara. Aliendesha mashine ya kusaga nafaka huko Koeneng. Kwa miaka mingi, akiwa Teyateyaneng, alikuwa wakala wa kuandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kwanza kwa niaba ya kampuni, kisha kwa shughuli yake mwenyewe. Mwaka 1927 alinunua duka huko Bokong, milimani.

Baadaye alihamia Matatiele, ng'ambo ya mpaka, akapata shamba. Huko alikutana na nguvu isiyojadiliana na mtu. Sheria ya Ardhi ya Wenyeji ya mwaka 1913 ilimkataza Mwafrika kununua ardhi nje ya maeneo machache yaliyotengwa, na Mofolo akalipoteza shamba lake. Mwaka 1940 alirejea Lesotho akiwa maskini na mgonjwa. Mwaka uliofuata alipatwa na kiharusi. Alifariki Teyateyaneng tarehe 8 Septemba 1948.

Chaka Yatoka Nje

Kabla ya hayo, mwaka 1925, wamisionari wa Morija walikuwa wameamua hatimaye kuichapisha Chaka. Tafsiri ya Kiingereza ya F. H. Dutton ilitoka mwaka 1931 na ya Kifaransa mwaka 1940, Mofolo angali hai. Daniel Kunene, mtaalamu wa fasihi ya Kisotho, alitoa tafsiri mpya ya Kiingereza mwaka 1981. Léopold Sédar Senghor aliandika utenzi wa kuigizwa juu ya Chaka katika diwani yake ya mwaka 1956, na waandishi wengine wa Afrika Magharibi wakamfuata kwa tamthilia zao. Mwaka 2002, orodha ya vitabu bora 100 vya Afrika vya karne ya 20 ilipotangazwa, Chaka ilikuwa miongoni mwa 12 vya kwanza. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Lesotho ina jina la Mofolo.

Hitimisho

Maisha ya Mofolo yana jambo la kuwafaa wasomi wa Kiswahili. Nathari ya Kiswahili nayo ilipitia mikono ya wamisionari na wachapishaji wao. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyochapishwa na Sheldon Press mwaka 1934, ni mfano unaosomwa hadi leo. Ni desturi kuyahukumu maandishi ya aina hiyo kwa neno moja, kwamba ni kasumba ya kikoloni, kisha kuyaweka kando. Mofolo anaonyesha kwamba hukumu hiyo hupitishwa haraka mno. Misheni ile ile iliyouzuia mswada ndiyo iliyomjenga mwandishi, na imani ile ile ambayo wahariri walidhani inahujumiwa ndiyo iliyokipa kitabu uti wa mgongo wake.

Kwa mwandishi wa leo anayetaka kubuni visa bila kuiacha imani yake, iwe ya Kikristo au ya Kiislamu, mfano wa Mofolo si mwepesi. Riwaya yake ya kwanza ilimpa sifa kwa sababu ilithibitisha waliyokwisha kuyaamini wasomaji wake. Ya tatu iliwataka wamfuate Chaka hadi ndani ya uchaguzi wake na kujiuliza wao wangejibu nini. Kwa ajili ya swali hilo alilipa kwa miaka 15 ya kusubiri. Riwaya ilipotoka, waumini wa Morija waliendelea na ibada zao, na Kisotho kikawa kimeipa Afrika mojawapo ya vitabu vyake vikuu.